Trekta Lililomkataa Orlin

Orlin Tveit alizungusha ufunguo tena, na trekta lake dogo la kukatia nyasi likanyamaza kama maji ya mtungini. Halikukohoa wala halikuguna. Halikutoa hata ule mlio mdogo wa "tk" ambao mashine mbovu huutoa kwa adabu, kukujulisha kwamba imekusikia ila leo haiwezi.

"Linasemaje?" mkewe Marlys aliuliza kupitia dirisha la jikoni.

"Halisemi."

"Basi liache, uje unywe kahawa."

"Sijalifanya kitu, mama. Nimelikalia tu."

Kweli alikuwa amelikalia tu. Ila Marlys alikuwa ameishi na mtu huyu tangu wote wawili wakiwa na meno yao, na alijua kukisoma kisogo chake. Kisogo cha Orlin asubuhi ile kilikuwa kinatukana matusi ambayo mdomo wake, wa mtu aliyelelewa kanisani, haukuwahi kuyatamka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei, wikendi ya kuwakumbuka waliokufa vitani, wakati ambapo nyasi za kusini mwa Minnesota huota kana kwamba zimeahidiwa mshahara. Uani kwa akina Tveit zilikuwa zimemfikia kifuani yule bata wa saruji ambaye Marlys humvalisha nguo kwa majira. Bata alikuwa na koti la mvua la njano, na ukimtazama kutoka barabarani ungedhani anazama na anaomba msaada.

Na alasiri ile ile binti yao Renae alikuwa anakuja kutoka Minneapolis na mumewe Curt. Hakuwa anakuja kula tu. Tangu Orlin atoke hospitalini majira ya baridi, amekatwa kipande cha utumbo na mwili umemwisha hadi suruali zake zikawa zinamfuata nyuma kama watoto, Renae alikuwa anawatafutia nyumba ya wazee. Aliipata. "Nzuri sana, Mama, ina lifti, na jioni kuna mchezo wa bingo," alisema kwenye simu. "Tutakuja na picha zake, tuone kwanza mnavyoendelea, halafu tutaamua."

Marlys alijua binti yake ataona nini. Hatafungua friji wala hataangalia vidonge. Atatazama nyasi, kama kila mtu wa mji ule anavyotazama. Hapo nyasi ndizo cheti cha mwenye nyumba. Zikikatwa, baba mzima. Zikisimama, baba kwisha, nyumba iuzwe.

"Hawajafika bado," Marlys alisema, akamwekea mumewe kikombe juu ya boneti ya trekta.

"Si mbaya," Orlin alijibu. Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Hata daktari alipomwambia wanamkata utumbo, alisema si mbaya.

Baada ya kahawa wakaenda kwa gari hadi duka la vipuri, ambalo lilikuwa linafungwa saa sita mchana, na kwa ajili ya sikukuu lisingefunguliwa tena mpaka Jumanne. Waliwakuta humo wazee wale wale wa kila siku, wamekalia ndoo zilizogeuzwa karibu na birika la kahawa ya bure, ile nyepesi ambayo unaona kitako cha kikombe kabla hujainywa.

"Orlin huyo!" alisema Lyle, mwenye duka. "Umechukua betri. Umechukua swichi ya starta. Leo nikuuzie nini, trekta zima?"

"Nilikuwa nataka kurudisha ile swichi," Orlin alisema chini chini. "Siyo iliyokuwa mbovu."

Lyle akaelekeza kidole kwenye kibao juu ya kichwa chake. Mji mzima ulikijua kibao kile: vitu vya umeme vikitoka havirudi.

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwa mama yangu mzazi. Alileta plagi, nikamwonyesha kibao. Mpaka leo ananinunia."

Wazee wakacheka, kisha wakasogeza ndoo zao karibu, maana hakuna kitu kinachowaburudisha kama trekta bovu la mtu mwingine.

"Fyuzi umepima?"

"Nzima."

"Vichwa vya betri?"

"Nimevisugua mpaka unaweza kujinyolea."

"Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu? Ule huota kutu chini kwa chini, juu unang'aa kama bibi harusi."

"Nimeufungua, nimeukwangua, nimeufunga."

"Taa zinawaka?"

"Kama Krismasi."

"Basi moto upo. Na visu umevizima? Ukiacha visu vimewashwa, haliwaki hilo."

"Nilikuwa nalizima na kuliwasha trekta hili kabla wewe hujaota ndevu."

Halafu mzee mmoja aitwaye Virgil, mwenye nia njema kabisa na mdomo usio na breki, akauliza taratibu, kama mtu anavyomwuliza mtoto kama amenawa mikono: "Na pedali ya breki unaikanyaga, Orlin? Kabla ya kuzungusha ufunguo?"

Marlys akaona masikio ya mumewe yanabadilika rangi.

"Anaikanyaga," alisema yeye. "Na wewe, Virgil, zipu yako unaifunga? Kabla ya kutoka nyumbani?"

Virgil akainama kutazama. Ndoo zikatikisika kwa vicheko, na Lyle akalazimika kushika kaunta. Marlys akamshika mumewe mkono wakatoka dukani wamenyooka, kama watu walionunua kitu.

Garini Orlin alifunga mkanda, akamgeukia mkewe.

"Ilikuwa wazi?" aliuliza.

"Zipu? Ilikuwa imefungwa. Lakini umeona alivyoinama?"

Orlin alijikaza, akajikaza, kisha bega likaanza kumtikisika. Walicheka mpaka Marlys akapitiliza njia ya kwao.

Walipofika nyumbani, kicheko kikawakauka mdomoni. Jirani yao Duane Pribyl alikuwa mpakani juu ya trekta lake mwenyewe, anakata nyasi zake, na alikuwa amevuka. Mistari miwili mizima, safi, ilikuwa imelala upande wa akina Tveit.

Katika mji ule kila mwanamume hukata zake. Ukimkatia mwenzio bila kuombwa, umemtangazia msiba. Bado tu kuleta bakuli la viazi vya kuoka na kadi ya pole.

"Nimepitiliza kidogo," Duane alisema, kofia mkononi. Alikuwa pande la mtu, amelikalia trekta lake kama mkate ulioumuka ukamwagika nje ya sufuria. "Usukani umenivuta."

"Umekuvuta mistari miwili?"

"Una nguvu huu usukani, Orlin. Sijui niupeleke wapi."

Aibu ikawashika wote watatu. Duane, ambaye hakujua kukaa na aibu bila kufanya kazi, akatembea moja kwa moja hadi kwenye trekta la Orlin. "Hebu," alisema. Akalikalia, akakanyaga breki, maana bila breki haliwaki, akazungusha ufunguo.

Trekta likanguruma. Liliwaka kwa furaha, kama mbwa aliyemwona mgeni mwenye nyama. Ndege wakatoka mtini.

"Mbona zima hili!" Duane alipiga kelele, amefurahi kweli. Kisha akauona uso wa Orlin, na furaha ikamtoka. Aliposhuka likazima hapo hapo, maana ndivyo lilivyoundwa: kiti kikiwa kitupu linajizima, lisije likakimbia na visu vyake pasipo mtu.

"Jaribu wewe sasa."

Orlin akapanda. Akakanyaga breki mpaka goti likatetemeka. Ufunguo. Kimya.

"Nipishe." Duane akapanda. Likanguruma.

"Wewe." Kimya.

"Mimi." Ngurumo.

Waliendelea hivyo kupanda na kushuka kama watoto na bembea, na Marlys alikuwa amejiuma midomo yote miwili asicheke, mpaka alipogundua kwamba Orlin hakasiriki tena. Ametulia tu. Utulivu ule ulimtisha kuliko matusi.

"Labda ni breki," Duane alisema kwa upole. "Labda huifikishi chini. Umetoka hospitalini juzi tu, ndugu yangu. Ngoja nikukatie. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Orlin alisema. "Asante, Duane. Si mbaya."

Lakini alilisema kama mtu anayeaga.

Marlys alimkuta amekaa kwenye ngazi ya banda la gari, mikono imelala mapajani.

"Ni mguu," alisema bila kuinua kichwa. "Trekta zima. Nimelikagua lote, kila waya. Duane amelikalia, limewaka. Kilichobaki kibovu ni mimi, Marlys. Mguu hausukumi breki. Na kama hausukumi breki ya trekta, utasukuma ya gari? Renae yuko sahihi. Akifika, nitazitazama hizo picha za nyumba yake ya bingo."

Marlys aliitazama nyumba. Nyumba ile walikuwa wamezaa ndani yake na kuwatoa humo wafu wao kwenda kuwazika, na humo ndimo alimotaka Mungu amkute. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, sikuombi muujiza, naomba tu unionyeshe ni waya upi. Alipomaliza kuomba, hasira zikampanda.

"Mguu gani?" alisema. "Huu uliopandia paa mwezi uliopita kusafisha mifereji, nikakupigia kelele mtaa mzima ukasikia?"

"Paa si breki."

"Mimi goti langu la chuma! Daktari aliliweka, nusu ya mguu wangu ni kijiko! Nipishe nikuonyeshe mguu dhaifu unavyokanyaga."

Akaliendea trekta, akainua sketi kwa heshima, akajipandisha, akajiweka kitini kwa uzito wote alioruzukiwa. Akagusisha unyayo wa mguu mbovu kwenye breki. Akazungusha ufunguo.

Likanguruma.

"Bwana Yesu!" Marlys alishika usukani kama mtu aliyepandishwa farasi bila kuulizwa. "Orlin! Nimekanyaga kidogo tu! Nimekanyaga kama mtu anayekanyaga yai!"

Orlin alikuwa amesimama. Alikuja taratibu, na hakuutazama mguu. Alikitazama kiti.

"Shuka," alisema.

Likazima.

"Panda."

"Orlin, mimi si Duane, nina goti."

"Panda nakwambia, mama!"

Akapanda. Likawaka. Akashuka. Orlin akalala chali kwenye saruji, akaingiza kichwa na tochi chini ya kiti. Kisha ikatoka sauti ya ajabu, kama mtu anayekabwa, na Marlys akaruka.

"Nini? Kifua?"

"Springi!" Orlin alipiga kelele kutoka chini. "Springi zangu mwenyewe!"

Akajiburuta nje, machozi ya kicheko yakimtiririka hadi masikioni. Ikamchukua muda kuyapanga maneno. Zamani, alipokuwa mnene kiasi cha kiti kugonga chuma kila akipita kwenye shimo, alizitoa springi za kiwandani akazitupa, akaweka za boneti ya lori bovu la nafaka. Springi za kuinua mlango wa jela, hizo. Na chini ya kiti kuna kitufe. Kiti kisiposhuka kikakibonyeza kitufe, trekta linajua hakuna mtu, na moto haupiti kwenda kwenye starta. Orlin wa zamani alikuwa anakishusha kiti mpaka chini. Orlin wa leo alikuwa ametua juu yake kama ndege juu ya waya.

"Kwa hiyo mguu hauna kitu?"

"Mguu mzima! Ni makalio, Marlys! Nimeishiwa makalio!"

"Na Duane anayo?"

"Duane anayo ya watu watatu!"

Marlys alilazimika kushikilia ukuta. "Na mimi?" aliuliza alipopata pumzi.

Orlin akamtazama kwa mapenzi makubwa. "Wewe, mpenzi, yanatosha kabisa."

"Orlin Tveit!"

"Nasifu kifundi! Nasifu kama fundi!"

Kicheko kilipoisha, nyasi zilikuwa bado zimesimama. Boliti za springi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na duka limefungwa.

"Naunganisha nyaya mbili za kitufe," Orlin alisema. "Dakika moja tu. Trekta litadhani kuna mtu siku zote."

"Thubutu. Mwenzako Harlan aliunganisha zake, visu vikamla vidole vya mguu. Leo anavaa kiatu kikubwa mguu mmoja na kidogo mguu wa pili."

Kwa hiyo wakaleta kutoka chumba cha chini ya nyumba mfuko wa chumvi ya kulainishia maji magumu ya bomba, mzito kama ndama, na Orlin akaupakata. Trekta likawaka! Akaingiza visu, akaondoka kwa shangwe, mfuko kifuani, akakata mstari mmoja mnyoofu kama uzi. Kwenye kona mfuko ukateleza. Trekta likazima palepale, mfuko ukadondoka ukapasuka, na chumvi ikatapakaa nyasini.

Walisimama wakaitazama.

"Hapo hapataota kitu mpaka kiama," Marlys alisema.

"Basi hapo tumeshakata," alisema Orlin, na vicheko vikawaanza upya.

Lakini jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa ghala la nafaka, na mfuko mwingine wa chumvi hawakuwa nao.

"Sogea," Marlys alisema.

Orlin alisita. "Unakata wewe?" Alitafuta namna ya kulisema. "Ni kwamba mistari yako, mama... inatembea tembea."

"Nani kasema nakata? Mimi nakaa chini, wewe unakaa juu."

"Juu ya nini?"

"Juu yangu, bwana wewe! Juu ya nini kwingine? Mimi kiti na breki, wewe usukani."

Orlin akatazama barabara huku na huku. "Watu wataona."

"Wazee wa kwa Lyle wamekuuliza kama unajua breki. Kuna nini kilichobaki cha kuonwa?"

Basi Marlys akakaa, na Orlin akakaa mapajani pake, akijifanya mwepesi, ingawa hakuhitaji kujifanya. Trekta liliwaka mara moja, bila kinyongo, kana kwamba ndicho lilichokuwa linakisubiri wiki nzima. Wakaingia kwenye nyasi.

"Una mifupa kama ngazi!" Marlys alipiga kelele juu ya mngurumo.

"Kiti hakisemi!"

"Kiti kinaumia!"

"Breki kidogo kwenye kona, kiti! Kidogo! Ooh!"

Duane alisimama mpakani, kofia kifuani, kama mtu anayeisalimu bendera inayopita. Gari moja lilipiga honi, la pili likapunguza mwendo, na kwenye la tatu alikuwemo mke wa mchungaji, ambaye aligeuza uso upesi kisha akaurudisha upesi zaidi. Marlys hakujali. Harufu ya nyasi mbichi ilimjaa kichwani, mumewe alikuwa anacheka mpaka mbavu zake zikawa zinamchoma kifua, na alikuwa hai, mwenye kelele, mzito kiasi chake. Wengine huomba nguvu, Mungu akawapa kicheko, na kazi ikafanyika vilevile.

Walikuwa wamebakiza kama mistari mitatu gari la Renae lilipoingia. Marlys akakanyaga breki. Renae akashuka na mlango akausahau wazi. Curt akasimama upande wa pili, ameshika keki.

"Mnafanya nini?"

"Tunakata nyasi," Orlin alisema.

"Baba, umemkalia Mama!"

"Hatuwezi kushuka, litazima. Habari za safari, Curt?"

"Si mbaya," alisema Curt.

"Mama, uko sawa?"

"Miguu imekufa ganzi," ilisema sauti ya Marlys kutoka nyuma ya shati la mumewe, "lakini mimi mzima."

Renae akaweka mkono mdomoni. Usoni pake machozi na kicheko vilikuwa vinasukumana mlangoni kama watu wa foleni, na yakatangulia machozi.

"Baba, ndicho ninachokisema kila siku," alisema. "Si unaona mwenyewe? Haya mambo huyawezi tena peke yako."

Marlys alihisi mgongo wa mumewe unakakamaa. Alingoja. Alijua jibu lake, jibu la maisha yake yote, na alijua likitoka tu kwa ile sauti ya kuaga, nyumba imekwenda.

Orlin hakulisema.

"Kweli," alisema. "Peke yangu siwezi. Hata trekta haliwaki." Akajipapasa nyuma, akaupata mkono wa mkewe kiunoni pake, akaushika. "Lakini mwanangu, hebu tazama vizuri. Mimi unaniona niko peke yangu?"

Renae akatazama. Alimwona baba yake mwembamba juu, na mama yake chini, shavu jekundu limechomoza kwapani mwa mumewe kama mtu anayechungulia dirishani. Kicheko kikashinda kule mlangoni. Kilimtoka kwa nguvu mpaka akaegemea gari.

"Pale mstari umepinda," alisema Curt, ambaye ni mtu wa maneno machache.

"Nimeuona," Orlin alisema. "Kiti kilikuwa kinacheka."

Renae akafuta macho kwa kiganja. "Zile picha za nyumba ya wazee sikuzitoa garini," alisema, "na sizitoi." Akavua viatu vyake vya mjini, akaingia kwenye nyasi pekupeku, akaanza kuokota matawi yaliyolala mbele ya trekta, moja baada ya moja, akiyatupa pembeni kuwafungulia njia.

"Haya, mama," Orlin alisema. "Achia breki."

Marlys akaachia.